Replika iliyosoma sifuri: uchambuzi wa kisa kimoja baada ya seva ya kanzidata kuwashwa upya

Kisa hiki kilitokea kwenye taasisi ya akiba na mikopo yenye matawi kadhaa. Jina lake, mji wake na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa, na saa zimesogezwa kidogo bila kuvuruga mpangilio wa matukio. Niliitwa mambo yalipokwisha kutulia. Nilikabidhiwa logi za seva zote mbili na mazungumzo ya kundi la WhatsApp la mafundi, kisha nikakaa na waliokuwepo zamu.

## Mfumo ulivyokuwa

Taasisi inatumia PostgreSQL 14, programu ya kuendesha kanzidata. Seva kuu ndiyo inayoandikwa kila kitu: amana, marejesho ya mikopo, malipo yanayoingia kwa simu, ada. Pembeni yake ipo replika moja, yaani nakala ya kanzidata hiyo kwenye seva nyingine. Kila badiliko kwenye seva kuu huandikwa kwanza kwenye WAL (daftari la mabadiliko), na WAL hiyo hutiririshwa kwenda replika, ambako hutekelezwa upya rekodi kwa rekodi. Replika haiandikwi na mtu, lakini iko wazi kwa kusomwa.

Nani anasoma wapi? Salio analoliona mwanachama kwenye simu yake linatoka seva kuu. Taarifa ya akaunti inayochapwa kaunta, ripoti ya waliochelewesha marejesho na takwimu za meneja vinatoka replika, ili seva kuu isilemewe. Ni mgawanyo wa kawaida kabisa, na hauna kosa. Ila maana yake ni kwamba replika ikibaki nyuma, mwanachama na afisa aliye mbele yake watakuwa wanaangalia siku mbili tofauti.

Kwa ajili ya hatari hiyo, dashibodi ilikuwa na kisanduku kimoja kikubwa: sekunde ambazo replika imebaki nyuma. Kijani chini ya 60, chekundu zaidi ya hapo. Nyuma ya kisanduku kulikuwa na swali hili la SQL, likiulizwa kwenye replika kila baada ya muda mfupi:

```
SELECT COALESCE(
  CASE
    WHEN pg_last_wal_receive_lsn() = pg_last_wal_replay_lsn() THEN 0
    ELSE EXTRACT(EPOCH FROM now() - pg_last_xact_replay_timestamp())
  END, 0);
```

Aliyewahi kusimamia PostgreSQL ameshakutana na swali linalofanana na hili, kwa sababu linanakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na kila kipande chake kina sababu. Ukitoa muda wa muamala wa mwisho uliotekelezwa kwenye saa ya sasa, unapata uchelewaji. Tatizo ni usiku wa manane, wakati hakuna anayeandika kitu: tarakimu inapanda yenyewe ingawa replika haijakosa chochote. Ndiyo maana CASE iliwekwa, ikilinganisha LSN mbili (nafasi ndani ya WAL), kwamba kama WAL yote iliyopokelewa imeshatekelezwa, basi sema sifuri.

COALESCE ya nje, inayogeuza NULL (thamani tupu, isiyojulikana) kuwa sifuri, ina historia yake. Upande wa seva kuu, mwonekano wa pg_stat_replication (mstari mmoja kwa kila replika iliyounganishwa) una safu ya replay_lag. Replika ikishafikia na kusiwe na shughuli mpya, safu hiyo baada ya muda mfupi huwa NULL. Kwa hiyo pale NULL ni habari njema, na fundi aliyeigeuza kuwa sifuri kwenye dashibodi ya mwanzo alifanya sawa. Baadaye kilipotengenezwa kisanduku cha upande wa replika, mtindo uleule ulihamishwa bila mtu kujiuliza kama NULL ya huku ina maana ileile. Haina. Kwenye replika, pg_last_xact_replay_timestamp() ikirudisha NULL inamaanisha: tangu nilipowaka sijatekeleza hata muamala mmoja.

Kulikuwa pia na tahadhari upande wa seva kuu, ya kulia endapo replay_lag ya replika yoyote itazidi sekunde 60.

## Usiku wa matengenezo

Jumamosi usiku betri za UPS (kifaa cha umeme wa akiba) za chumba cha seva zilibadilishwa. Kazi ilipangwa, ikatangazwa, na orodha ya hatua ikachapwa. Saa tano usiku programu za taasisi zilizimwa, ikazimwa kanzidata ya seva kuu, halafu ya replika, kisha mashine zenyewe. Karibu saa tisa usiku umeme ulirudi, mashine zikawashwa, na PostgreSQL ikaamka yenyewe pande zote mbili.

Huo mpangilio wa kuzima ulikuwa sahihi, na ndio uliotengeneza mazingira ya kisa hiki. Seva kuu inapozimwa kwa utaratibu huandika chekipointi ya kuzimika, alama kwamba mabadiliko yote yameshahifadhiwa kwenye diski, na hiyo inakuwa rekodi ya mwisho kwenye WAL yake. Replika iliipokea. Ilipozimwa nayo, iliweka alama kwamba ikiamka ianzie pale pale. Ilipoamka haikuwa na muamala wowote wa kurudia: ilianzia kwenye chekipointi, ikakuta hakuna kinachofuata, ikatangaza iko tayari kwa kusomwa. Kwa kuwa chekipointi ya kuzimika inathibitisha hakuna muamala uliokuwa unaendelea, replika haikuwa na haja ya kusubiri chochote kutoka seva kuu kabla ya kufungua milango.

Kama replika ingezimwa katikati ya shughuli, ingerudia sehemu ya WAL iliyokuwa nayo kwenye diski, ingepata muda wa muamala wa mwisho, na NULL isingeonekana. Ni kuzima vizuri, kwa mpangilio mzuri, usiku usio na shughuli, kulikoitoa.

Sasa faiawoli. Mashine ya seva kuu inatumia firewalld, programu inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa. Programu za taasisi zilikuwa na ruhusa ya kudumu kwenye poti 5432, mlango wa PostgreSQL, tangu mfumo ulipoanzishwa. Replika ililetwa baadaye, na siku hiyo fundi aliongeza anwani yake kwa amri isiyo na `--permanent`. Ruhusa ya namna hiyo hufanya kazi mara moja, na huishi hadi firewalld isomwe upya au mashine izimwe. Mashine hiyo haikuwa imezimwa hata mara moja tangu siku hiyo.

Basi tangu saa tisa usiku replika ilikuwa inagonga mlango wa seva kuu kila sekunde tano, ambao ndio muda wa kawaida wa kujaribu tena, na kila mara logi yake ikiandika kwamba imeshindwa kuunganishwa: `No route to host`. Ujumbe huo unapoteza watu, kwani unasomeka kana kwamba njia ya mtandao imekatika. Mara nyingi ni faiawoli ya mashine ya pili tu inayokataa kwa mtindo wake.

Fundi wa zamu alifuata orodha yake. Kanzidata kuu imewaka? Ndiyo. Programu zinafunguka? Ndiyo. Replika imewaka? Ndiyo, na swali la majaribio limejibiwa. Dashibodi? Sekunde 0, kijani. Aliandika "kazi imekamilika" kwenye kundi akaenda kulala.

## Jumapili

Ofisi zilifungwa lakini simu hazifungwi. Wanachama waliendelea kulipa marejesho, seva kuu ikaandika, wakapata meseji za kuthibitisha.

Jioni ilitoka tahadhari moja: partisheni ya diski ya seva kuu inayohifadhi WAL imefika asilimia ambayo mfumo hulalamika. Mtu wa zamu alidhani ni bakapu za Jumamosi, akafuta za zamani zilizokuwa kwenye partisheni hiyohiyo, na tahadhari ikanyamaza. Kwa hakika ilikuwa WAL inayorundikana. Replika hii ilikuwa na sloti ya urudufishaji, na sloti huizuia seva kuu kufuta WAL ambayo replika haijaichukua. Diski ilikuwa inasema ukweli ambao dashibodi haikuusema, ila hakuna aliyezoea kuisikiliza diski kuhusu urudufishaji.

## Jumatatu asubuhi

Saa mbili asubuhi ripoti ya waliochelewesha marejesho ilitoka kama kila Jumatatu, ikisomwa kutoka replika. Ilijaa majina ya watu waliolipa Jumapili. Maafisa mikopo waliishika na kuanza kupiga simu. Kwa utaratibu wa taasisi, mwanachama asipopokea, anapigiwa mdhamini wake.

Karibu saa tatu ujumbe huu uliingia kwenye kundi la mafundi, kutoka kwa afisa wa tawi moja: "Kaka, huyu mama amenitumia picha ya meseji ya malipo ya jana, kwangu haipo. Na mdhamini wake nimeshampigia." Msimamizi wa kanzidata alifungua dashibodi, akajibu: "Replika iko sawa dada, inasoma sifuri. Nadhani ni upande wa malipo ya simu, tunafuatilia."

Masaa mawili yakaishia huko. Mtoa huduma wa malipo aliandikiwa barua pepe, foleni ya ujumbe wa malipo ikakaguliwa, mtu akaanza kulinganisha namba za miamala moja moja. Kila muamala uliotafutwa ulikuwepo. Ndipo msimamizi akauliza swali ambalo halikuhusu dashibodi kabisa: alitafuta muda wa malipo ya mwisho kwenye jedwali la marejesho, seva kuu na replika, madirisha mawili yakiwa sambamba. Seva kuu ilirudisha dakika iliyopita. Replika ilirudisha Jumamosi usiku.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Mwonekano wa pg_stat_wal_receiver kwenye replika ulikuwa mtupu, maana yake hakuna mkondo wowote unaopokelewa. Kwenye seva kuu, pg_stat_replication nayo haikuwa na mstari, na pg_replication_slots ilionyesha sloti ya replika ipo lakini haitumiki. Logi ya replika ilijaa mstari uleule mmoja.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mkuu wa kitengo: usomaji uhamishiwe seva kuu kabla ya mtu kugusa faiawoli. Fundi wa mtandao alipinga, akisema kufungua ruhusa ni kazi ya dakika moja, ya nini kuhangaika na programu? Mkuu akamjibu kwamba hata ruhusa ikifunguliwa, replika itachukua muda kufikia, na muda wote huo itaonyesha salio za Jumapili asubuhi, kisha za mchana, kisha za jioni. Takwimu zinazosogea zinadanganya vibaya zaidi kuliko zilizosimama, kwa sababu afisa akiangalia mara mbili atapata majibu mawili. Nakubaliana naye. Walihamisha taarifa za akaunti na ripoti ya marejesho tu. Takwimu nzito za meneja zilisimamishwa kwanza, kwa kuwa Jumatatu asubuhi seva kuu haikuwa na nguvu ya ziada ya kuzibeba.

La pili lilihusu njia ya kuirudisha replika. Mmoja wao alipendekeza ifutwe na kujengwa upya kwa pg_basebackup, "tuanze safi". Hapa sloti ililipa gharama yake yote. Safu ya wal_status ilisoma `extended`: WAL imezidi kiwango cha kawaida lakini faili zote bado zipo. Kama ingesoma `lost`, kujenga upya kungekuwa hakuepukiki. Haikuwa na haja ya kuvuta kanzidata nzima kupitia mtandao katikati ya siku ya kazi, wakati kilichokosekana ni siku moja na nusu ya mabadiliko.

Wakati huohuo diski ilianza kulalamika tena, na mtu akauliza kama faili za zamani ndani ya saraka ya pg_wal zinaweza kufutwa kwa mkono. Alikatazwa kwa sauti. Hilo ni katazo lisilo na mjadala: faili hizo ndizo zilizokuwa njia pekee ya replika kurudi bila kujengwa upya, na baadhi ya faili za saraka hiyo seva kuu yenyewe inazihitaji ikianguka. Badala yake walihamisha bakapu zilizobaki kwenda diski nyingine, wakapata nafasi ya kutosha.

Karibu saa sita kasoro robo ruhusa ya faiawoli ilirudishwa, safari hii ya kudumu. Ndani ya sekunde chache logi ya replika iliandika kwamba imeanza kupokea WAL kutoka seva kuu.

Na dashibodi ikawa nyekundu. Kutoka sekunde 0, ikaruka hadi zaidi ya 115,000.

Fundi wa mtandao aliyekuwa amebonyeza amri hiyo aliandika kwenye kundi kwamba ameharibu kitu, na alikuwa ameshaanza kuandika amri ya kuiondoa ruhusa. Msimamizi alimpigia simu akamzuia. Ilikuwa hesabu rahisi mtu akitulia: replika imetekeleza muamala wake wa kwanza tangu iwake, muamala huo ni wa Jumapili alfajiri, na kutoka alfajiri ile hadi sasa ni saa 32. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kisanduku kilikuwa kinasema kweli. Kilikuwa kijani muda wote mambo yameharibika, kikawa chekundu mambo yalipoanza kutengemaa.

La mwisho lilikuwa lini usomaji urudi replika. Msimamizi hakutaka kusubiri kisanduku kigeuke kijani, na baada ya asubuhi ile nani angemlaumu. Aliandika mstari wa alama kwenye jedwali dogo la seva kuu, akasubiri hadi auone kwenye replika, akarudia, kisha akalinganisha jumla ya marejesho ya Jumapili pande zote mbili. Zilipolingana, akarudisha.

## Matokeo

Replika ilifikia kwa chini ya saa moja. Hakuna fedha iliyopotea na hakuna muamala uliokosekana, kwa kuwa maandishi yote yalikuwa salama kwenye seva kuu tangu mwanzo. Kilichoharibika ni kingine. Wanachama waliolipa kwa wakati waliitwa wadaiwa sugu, na wadhamini wao wakajulishwa. Mkuu wa mikopo aliamua kwamba kila aliyepigiwa apigiwe tena na kuombwa radhi, mwanachama na mdhamini wake, na maafisa walewale walioanza. Mafundi wengi huishia kwenye "data iko salama" wanapoandika ripoti. Mdhamini aliyeaibishwa mbele ya wafanyakazi wenzake hana habari na data.

## Uchambuzi

Kwenye kikao cha tathmini, ripoti ya kwanza iliandika chanzo kuwa ni ruhusa ya faiawoli isiyo ya kudumu. Sikubaliani na mpangilio huo. Ruhusa ilikata mkondo, kweli. Lakini mkondo hukatika kwa sababu nyingi: nywila imebadilishwa, cheti kimeisha muda, kebo imelegea, anwani imehama. Chochote kati ya hivyo kingezaa Jumatatu ileile. Kilichogeuza hitilafu ya dakika tano kuwa ya saa 32 ni kipimo kilichochukua "sijui" kikaiandika "sifuri".

Tuliangalie swali lile tena kwa hali ya baada ya kuwaka. pg_last_wal_receive_lsn(), yaani WAL imepokelewa hadi wapi, inaweza kuwa tupu, au ikarudi mwanzo wa faili ya WAL, ambayo kwa kawaida ina MB 16, kwa kuwa replika huomba mkondo kuanzia mwanzo wa faili. Kwa vyovyote haitalingana na pg_last_wal_replay_lsn(), yaani imetekelezwa hadi wapi. CASE inashuka kwenye ELSE. Huko inakuta muda wa muamala wa mwisho ni NULL, na chochote kikitolewa kwenye NULL ni NULL. COALESCE inaifunika kwa sifuri. Hatua tatu, kila moja ikiwa na busara yake, na mwisho wake ni uongo.

Na kuiondoa COALESCE peke yake hakutoshi. Chukua mkondo uliokatika bila seva kuzimwa: replika imeshatekeleza yote iliyopokea, thamani mbili zinalingana, CASE inasema sifuri, na itaendelea kusema hivyo hadi mtu alalamike. Swali linapima kama replika imemaliza chakula kilichoko mezani, halina habari na kilichobaki jikoni. Hakuna swali linaloulizwa ndani ya replika peke yake, kwa fanksheni hizi, linaloweza kujua seva kuu imefika wapi.

Wanaotumia MySQL, programu nyingine ya kanzidata, wasicheke. Kule Seconds_Behind_Source huwa NULL mtekelezaji akiwa amesimama, na huweza kusoma 0 wakati mpokeaji amebaki nyuma sana kwa sababu ya mtandao hafifu, maana inapima umbali kati ya kilichopokelewa na kilichotekelezwa. Na kama mashine imewekewa mpangilio wa kutoanzisha urudufishaji yenyewe baada ya kuwaka, kosa la kuigeuza NULL kuwa sifuri linatoa picha ileile ya kijani.

Tahadhari ya seva kuu nayo ilikuwa na tundu lake. Ilikagua kila mstari wa pg_stat_replication. Replika isiyounganishwa haina mstari, na kanuni inayokagua mistari haina cha kulilia pasipo mstari. Idadi ya mistari ilipaswa kuwa kipimo cha kujitegemea: tunatarajia replika moja, tunaona ngapi? Bora zaidi ni pg_replication_slots, kwa sababu sloti hubaki hata replika ikiondoka, na huhifadhiwa seva inapowashwa upya. Sloti isiyotumika kwa dakika kadhaa ni taarifa kamili.

Yaliyofanya kazi yanastahili kutajwa kwa uzito. Sloti iliokoa siku. Uamuzi wa kuhamisha usomaji kabla ya matengenezo ulizuia wimbi la pili la malalamiko. Na lile swali la msimamizi, malipo ya mwisho ni ya lini huku na kule, lilikuwa rahisi kuliko vyote vilivyokuwa kwenye dashibodi, na ndilo lililotoa jibu. Liliuliza data yenyewe badala ya kuuliza hesabu za ndani za mchakato ambao kumbukumbu zake zilifutika ulipozimwa.

Ndiyo maana tiba waliyoichagua inaegemea hapo. Jedwali dogo lenye mstari mmoja liliwekwa seva kuu, na kila sekunde 10 kazi ndogo inaandika humo saa ya sasa. Mstari huo unasafiri kwa WAL kama malipo mengine. Ukiusoma kwenye replika unajua data yake ni ya lini, iwe imewaka dakika moja iliyopita au mwaka jana. Unaondoa pia tatizo la usiku wa manane lililoleta CASE, kwani sasa hakuna kipindi kisicho na maandishi.

Kulikuwa na mjadala mrefu juu ya saa ipi ilinganishwe. Ukilinganisha na saa ya replika, saa za mashine mbili zikitofautiana utapata uchelewaji wa bandia, hata hasi. Walichagua mfumo wa ufuatiliaji usome mstari kwenye seva zote mbili na kutoa tofauti, kwa kuwa saa zote mbili zimeandikwa na seva kuu. Safi, lakini ina mtego: ikiwa ile kazi ndogo yenyewe haikuamka baada ya seva kuwashwa, mistari miwili italingana daima na tofauti itakuwa, tena, sifuri. Kwa hiyo umri wa mstari wa seva kuu unakaguliwa kivyake. Ukizidi dakika moja, kipimo kizima kinahesabika hakijulikani.

Kisanduku sasa kina rangi ya tatu, kijivu, na NULL yoyote inakwenda huko. Kando yake kuna muda ambao PostgreSQL iliwaka, kutoka pg_postmaster_start_time(), na tofauti ya baiti kati ya pg_current_wal_lsn() ya seva kuu na pg_last_wal_replay_lsn() ya replika. Baiti hazimwambii meneja kitu, ila zinamwonyesha fundi kama replika inasogea au imekwama, jambo ambalo sekunde peke yake halionyeshi vizuri wakati wa kufikia. Walipoijenga walikutana na NULL nyingine tena: mtumiaji wa ufuatiliaji asiye na haki za pg_monitor anaona mstari wa pg_stat_wal_receiver lakini safu zake karibu zote zikiwa tupu. Bila rangi ya kijivu hata hiyo ingepita kama habari njema.

Orodha ya kuwasha upya ilifupishwa. Vipengele vya "imewaka?" viliondolewa, kikawekwa kimoja: andika mstari wa alama seva kuu, uusome replika, bandika muda wake kwenye kundi. Ruhusa za faiawoli nazo sasa zinalinganishwa, za sasa na za kudumu, kabla ya mashine kuzimwa na siyo baada.

Suala moja halikuisha nilipoondoka. Kijivu kikiwaka, je, programu ya kaunta ihamie seva kuu yenyewe, au isubiri mtu? Mkuu wa kitengo anataka mtu, akihofia Jumatatu yenye shughuli nyingi seva kuu ibebeshwe mzigo wote kwa sababu ya hitilafu ya kipimo tu. Mkuu wa mikopo anasema afadhali kaunta iwe nzito kuliko mdhamini apigiwe simu tena. Mimi niliwapendekezea njia ya kati: ripoti ya marejesho ikatae kutoka kabisa kama umri wa data haujulikani au umezidi dakika tano, na iseme hivyo juu ya ukurasa, huku taarifa za akaunti zikihama zenyewe kwa kuwa ni nyepesi. Walikubali sehemu ya ripoti. Ya kaunta wanaendelea kubishana.